Mlango wa nyuma una kufuli: nilale au nihame?

*Wiki hii Afande wetu, mstaafu wa zimamoto anayeishi Ilala, Dar es Salaam, anajibu barua za wasomaji kuhusu moto kwenye hoteli, loji na gesti.*

Shikamoo Afande. Mimi nauza vitenge na nguo za watoto, duka langu liko Songea. Nikija Dar kufunga mzigo nalala gesti moja Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, kwa kuwa bei yake naimudu na maduka ya jumla yako hapo hapo. Chumba wanachonipa kiko ghorofa ya nne. Dirisha lina grili iliyochomelewa. Ngazi ziko mbili, ya mbele na ya nyuma, ila ya nyuma ukishuka mpaka chini unakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Nilimuuliza mwenye gesti, akasema wateja walikuwa wanatorokea huko bila kulipa, na tena nyumba ni ya zege, zege haliungui. Nilale au nihame?
*Mama wa vitenge, Songea*

Marahaba mwanangu. Hama. Ungeniandikia kwamba dirisha lina grili tu, ningekupa maneno ya kukusaidia ulale kwa tahadhari. Ungesema ngazi ni moja tu, pia tungezungumza. Lakini grili iliyochomelewa, ghorofa ya nne, na ngazi ya pili inayoishia kwenye kufuli, vyote kwa pamoja, hapana. Safari ijayo tafuta pengine.

Hilo la zege nalisikia kila siku. Huko Marekani, mjini Atlanta, kulikuwa na hoteli ya ghorofa 15 ikiitwa Winecoff, ikitangazwa kwamba haiungui kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 1946 ikashika moto, wakafa watu 119. Na kweli zege halikuungua, jengo lile lipo hadi leo na ni hoteli. Kilichoungua ni magodoro, mapazia, mazulia, milango ya mbao, karatasi za ukutani. Ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu, katikati ya jengo, na moto na moshi vikapanda kwa njia ile ile waliyotakiwa watu kushukia. Kwa hiyo mtu akikuambia nyumba ni ya zege, muulize godoro ni la nini.

Godoro la gesti ni sponji. Sponji ikiwaka inatoa moshi mweusi mzito wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala hashtuki, inamzidishia usingizi. Wengi wanaamini watanusa moshi waamke. Usiutegemee pua yako usiku. Kwenye moto wa hoteli wengi wanakufa kabla moto haujawafikia, na mara nyingi wanakufa mbali na pale ulipoanzia. Hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, iliungua tarehe 21 Novemba 1980. Moto wenyewe ulikuwa huko chini, kwenye mgahawa na ukumbi wa kamari, lakini katika watu 85 waliokufa wengi walikuwa ghorofa za juu kabisa. Moshi ulipanda kwa njia za lifti, kwa ngazi na kwa mianya ya jengo.

Sasa weka hayo kwenye gesti yako. Umeme umekatika, korido ni giza, watu wanapiga kelele. Unashuka ngazi ya nyuma kwa kupapasa ukuta, na nyuma yako kuna wenzako wanashuka. Unafika chini, unashika kufuli. Kurudi juu huwezi, kuna watu na kuna moshi. Nimefanya ukaguzi miaka mingi katika mji huu, na hiki ndicho kitu ambacho hadi leo kinaniuma. Niliwahi kuingia hoteli moja, mlango wa dharura umeandikwa KUTOKEA kwa maandishi ya kijani yanayong'aa, umepakwa rangi vizuri. Nikausukuma. Nyuma yake makreti ya soda yamepangwa hadi usawa wa kifua, na juu ya komeo kufuli. Nikaomba ufunguo. Kijana wa mapokezi akaenda, akarudi, akasema ufunguo uko kwa meneja. Meneja alikuwa amelala kwake Mbagala.

Usitegemee sana kwamba gari letu litafika upesi. Kutoka pale Faya hadi Kariakoo ni pua na mdomo, lakini gari la zimamoto ni kubwa, na mitaa ile wewe unaifahamu: mikokoteni, bajaji, meza za machinga, nyaya za umeme zinazoning'inia. Askari wanafika, tatizo ni hizo dakika za kutafuta njia ya kuingilia. Na grili ya chuma haikatwi kwa mkono.

Utakapotafuta gesti nyingine, omba chumba cha ghorofa ya kwanza au ya pili. Chini kabisa wezi wanakusumbua, juu sana ngazi zetu zinapata shida kukufikia. Dirisha kama lina grili, uliza kama ina kipande kinachofunguka kwa ndani na ufunguo wake uko wapi. Kabla hujavua viatu, toka mlangoni kwako uende hadi kwenye ngazi, zote mbili, ukihesabu milango kwa kuigusa: mmoja, wa pili, wa tatu, halafu ngazi mkono wa kushoto. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuongoza kwenye moshi, macho hayatakusaidia. Shuka hadi chini uhakikishe mlango unafunguka. Mhudumu akikushangaa, mwache ashangae.

Usiku weka mahali pamoja ufunguo, simu, viatu na kile kipochi cha fedha. Najua mnakuja na fedha taslimu, na najua mtu anarudi ndani kwa ajili yake. Ikiwa kipochi kiko mkononi hutakuwa na sababu ya kurudi. Marobota ya vitenge yaache. Sisemi kwa kudharau jasho lako. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo lilipoungua, wafanyabiashara wengi walipoteza mali ya miaka. Najua uchungu wake. Lakini robota kwenye ngazi linakuzuia wewe na aliye nyuma yako.

Ukisikia king'ora au kelele za moto, usifungue mlango kwa pupa. Uguse kwa upande wa nje wa kiganja, juu, kati, na kitasani. Ukiwa wa baridi, fungua kidogo uchungulie. Korido ikiwa safi, toka na ufunguo wako, vuta mlango ujifunge, nenda ngazi. Lifti iache. Ukikuta moshi unaanza, inama, tambaa kwa magoti na viganja, hewa iliyobaki iko karibu na sakafu. Moshi ukiwa mzito mbele yako, geuka. Jaribu ngazi ya pili, na hiyo ikishindikana rudi chumbani, ndiyo maana nimesema ubebe ufunguo.

Mlango ukiwa wa moto, baki ndani. Hapa gesti zetu zina msaada mmoja ambao hoteli kubwa hazina: ndoo na kopo bafuni. Jaza ndoo jioni ukishaoga, maji ya Dar yanakatika. Lowesha taulo na shuka, ziba chini ya mlango na pembeni zake zote, endelea kuumwagia maji mlango ukianza kupata joto. Zima feni na AC. Piga 114, ni bure. Taja jina la gesti, mtaa, jengo lililo jirani linalojulikana, ghorofa na namba ya chumba. Kisha simama dirishani, pitisha shuka jeupe kwenye grili au washa tochi ya simu. Kama ndani kuna moshi na nje ni safi, fungua dirisha kidogo. Kioo usikivunje, maana moshi ukianza kupanda kwa nje utahitaji kulifunga.

Afande, naomba ushauri. Nafanya kazi mapokezi zamu ya usiku kwenye hoteli Sinza. King'ora cha moto kinalia ovyo, mara mtu kavuta sigara, mara mvuke wa bafuni. Bosi ameagiza nikisikia nikizime kwanza ili wageni wasisumbuke, halafu nikaangalie. Nifanye nini siku ikiwa kweli?
*Kijana wa mapokezi, Dar es Salaam*

Mwanangu, wewe usiku ule ndiye mtu muhimu kuliko wote katika jengo hilo, na mshahara wako hauonyeshi hivyo. Januari 2025 hoteli moja huko Kartalkaya, Uturuki, ilishika moto usiku wa manane. Ilikuwa likizo ya shule, familia zimejaa. Moto ulianzia eneo la mgahawa. Manusura walieleza kwamba hawakusikia king'ora chochote, waliamshwa na kelele na harufu. Wengine walijaribu kushuka kwa shuka zilizofungwa pamoja, wengine waliruka. Walikufa watu 78. Uliza nini kingekuwa kama king'ora kingelia dakika zile za mwanzo.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi: kinalia, unakiacha kinalia, mlinzi anakimbia kuangalia kwenye chumba kinachoonyeshwa, wewe unabaki kwenye simu. Akithibitisha ni mvuke, ndipo unazima. Ukizima kwanza umewafundisha wageni warudi kulala, na wewe mwenyewe umejifundisha kwamba king'ora si kitu. Mweleze bosi kwa heshima lakini mweleze, ikiwezekana kwa maandishi, na mwambie dawa ya kelele ni fundi kuhamisha vitambua moshi vilivyowekwa karibu na mlango wa bafu. Ni kazi ndogo.

Ikiwa ni kweli: piga 114 wewe mwenyewe, usingoje bosi apokee simu. Gonga milango ukianzia ghorofa yenye moto, halafu ya juu yake. Chukua daftari la wageni utoke nalo, kwa kuwa swali la kwanza la askari akifika ni "ndani wamebaki wangapi, na vyumba gani?" Nimeliuliza swali hilo mara nyingi nikajibiwa kwa kutazamana. Fungua geti la gari. Wapange wageni upande wa pili wa barabara uwahesabu.

Mtungi wa kuzimia moto utumie ikiwa moto bado ni mdogo, yaani kapu la taka, kona ya pazia, na mgongo wako uko upande wa mlango wa kutokea. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto, si kwenye miali, bana, fagia kushoto na kulia. Mtungi mdogo unaisha kwa sekunde chache. Ukiisha na moto bado upo, toka ufunge mlango. Mafuta ya kikaangio yakiwaka jikoni, maji ni mwiko. Zima jiko, funika kwa mfuniko. Kesho asubuhi nenda katazame mshale wa mitungi yenu. Ule wa unga ukiwa nje ya kijani, ni pambo tu la ukutani.

Shikamoo. Hivi ni kweli ukifunga kitambaa kibichi puani moshi haukudhuru?
*Mwanafunzi, Temeke*

Marahaba. Kitambaa kibichi kinapunguza masizi na kuwashwa koo, basi. Kaboni monoksaidi inapita. Ukiwa nacho karibu kiloweshe, ila usipoteze dakika kukitafuta, na usijione umevaa kinga ukaingia kwenye moshi mzito. Kazi kubwa ya kitambaa kibichi iko chini ya mlango.

Afande, mama yangu ana miaka 74, anatembea kwa kigongo, na tunamleta Muhimbili kliniki. Tutalala loji Upanga siku kadhaa. Ikitokea moto nitamshushaje? Mimi si mwenye nguvu nyingi.
*Mtoto wa tatu, Tanga*

Mpe mama shikamoo zangu, nami Mungu amjalie nafuu.

Ombeni chumba cha chini kabisa, na semeni sababu. Mapokezi waandike kwenye daftari kwamba chumba namba fulani kuna mgonjwa asiyeweza ngazi, na kila zamu inapobadilika mkumbushe anayeingia. Usione haya, kwa kuwa anayepokea zamu ya usiku mara nyingi hajaambiwa lolote.

Wakisema chini kumejaa, mchukue chumba kilicho karibu na ngazi na mlale chumba kimoja. Ikitokea, na korido ni safi, usimbebe mgongoni kama huna nguvu, mtaanguka wote. Mlaze kwenye blanketi zito, kichwa kikielekea upande wako, kusanya ncha mbili za blanketi nyuma ya kichwa chake na umvute ukirudi kinyumenyume. Sakafu ya terazo au ya vigae inateleza, hata mtu mwembamba anaweza. Kwenye ngazi omba msaada, watu wawili watamshusha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mmoja ameshika mgongo wa kiti, mwingine miguu ya mbele. Mjaribu mchana, mama akiwa anacheka, ili usiku asiogope.

Na korido ikiwa na moshi, kubaki chumbani na mlango uliozibwa ni salama kwenu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mlango uliofungwa unazuia moshi na moto kwa dakika zenye thamani kubwa. Piga 114, useme kabisa: nina mgonjwa asiyeweza kutembea. Askari watawaanza nyinyi.

Jambo dogo, kwa kuwa mtakuwa na mgonjwa: mnachemsha uji chumbani? Watu wengi wanaouguza wanabeba hita ya kutumbukiza kwenye jagi au kimtungi kidogo cha gesi. Gesi usiiwashe chumbani kabisa. Hita, kama ni lazima, ikae juu ya sakafu tupu, mbali na kitanda, na usitoke ikiwa imechomekwa. Dawa ya mbu ya kuchoma iweke kwenye kisahani, mbali na chandarua. Uji waombe jikoni, loji nyingi za karibu na hospitali wanazoea.

Afande, mimi nina gesti ndogo Tandika, vyumba 14. Nimesoma makala yako ya nyuma kuhusu kufuli na nimechukia kidogo. Wezi wapo, wanaokimbia bila kulipa wapo. Wewe ungefanyaje?
*Mwenye gesti, Tandika*

Nashukuru umeandika, na sikulaumu kwa kuchukia. Wizi ni wa kila wiki, moto hujauona. Lakini yote mawili yana dawa, na dawa ya wizi si lazima iwe ile inayofungia watu ndani.

Mlango wa nyuma utiwe komeo la kusukuma, lile la nondo iliyolala usawa wa kiuno: mtu wa ndani akiiegemea mlango unafunguka kwenda nje, wa nje hana pa kushika. Yapo madukani, na fundi mzuri wa aluminiamu analifunga. Juu ya mlango weka kengele ya betri inayolia mlango ukifunguka. Mteja asiyelipa akipita, utasikia. Malipo chukua anapoingia, kama wanavyofanya wenzako wengi sasa kwa simu, na habari ya kutoroka imekwisha.

Grili usizing'oe. Mwite yule yule mchomeleaji aliyezitengeneza, akate kipande cha katikati, upana wa mtu mzima kupita mabega, akitie bawaba na komeo la ndani. Kama unaogopa mkono wa mwizi kufikia komeo, tia kufuli na utundike ufunguo ukutani kwa msumari, mbali na dirisha kiasi cha mkono kutofika, lakini mgeni auone akiwa kitandani. Anza na vyumba vya juu.

Kisha nyaya. Gesti nyingi zilizoanza na vyumba vinne zikaongezwa hadi 14 bado zinatumia waya ule ule wa mwanzo, na sasa kila chumba kina AC na chaja tatu. Soketi iliyobadilika rangi ikawa ya kahawia, swichi inayotoa joto, fyuzi inayoruka kila jioni, hizo ni dalili. Fundi mwenye leseni aje, na usimruhusu aongeze fyuzi kubwa ili isiruke. Jenereta iwe nje, moshi wake uelekee mbali na madirisha, na petroli isikae chini ya ngazi. Chini ya ngazi pasikae kitu chochote, hata magodoro ya akiba.

Halafu nenda kituo cha zimamoto cha wilaya yako uombe ukaguzi. Tangu sheria ya mwaka 2007, ukaguzi ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ukikidhi wanakupa cheti. Usisubiri wakufuate. Anayekuja mwenyewe tunakaa naye, tunamwonyesha cha kuanza nacho kulingana na mfuko wake.

Fundi wa mlango akishamaliza, ngoja giza liingie. Zima taa, mwite mhudumu mdogo kuliko wote pale kwako, msimamishe kwenye korido ya juu na umwambie atoke nje kwa mlango wa nyuma bila ufunguo na bila tochi. Akikwama popote, fundi arudi kesho yake.